Mishono ya Macho ya Mama

Kwetu, kando ya barabara ya malori ya madini hapa Kolwezi, maji ya bomba tunafulia na kuogea, lakini machoni hayaingii. Nani anajua yamepita wapi? Macho tunayaosha kwa dawa. Kila nyumba ina mtu mwenye kichupa, na nyumbani kwetu mtu huyo nilikuwa mimi. Vichupa nilivinunua sokoni, kimoja baada ya kingine. Vumbi likitimka niliacha cherehani yangu, nikawaita watu wote kwenye benchi la ukutani, vichwa nyuma, nikapita nikishika uso wa kila mmoja na kudondosha. Aliyefumba macho nilimgombeza.

Baba alipofariki, mama alihama kutoka Sandoa akaja kukaa kwangu. Nilimpa nafasi ya kwanza kwenye benchi. Hakukataa hata siku moja. Mara nyingine nilimkuta amekwisha kukaa kabla sijaita. Baada ya mwaka hivi macho yake yakawa mekundu, machozi yakachuruzika tangu asubuhi, akaanza kupapasa ukuta akienda uani. Mimi nikaongeza matone. Nilijiona binti mwema kuliko mabinti wote wa mtaa.

Wiki iliyopita nilimpeleka kwa daktari wa macho. Tulingoja umeme urudi, kisha akamtia mama rangi ya manjano machoni, akawasha taa ya bluu, akachungulia kwa mashine. Akasema macho yamekauka.

Nilicheka kwa sauti. Macho makavu, na leso ya mama imelowa chapachapa!

“Ile machozi inamwagika tu inje, mama,” daktari alinijibu. “Jicho inabakia kavu.”

Akanigeuzia kioo cha mashine. Chini ya taa ile rangi ilikuwa imegeuka vidoa vya kijani vilivyotapakaa kwenye jicho la mama yangu. Akanieleza kwamba sehemu ya juu ya jicho ni seli zilizopangwa zikigusana, na kati yake kuna protini zinazozishikanisha, kama mshono. Mishono ikifumuka, rangi inapenya, na vumbi linapenya vilevile. Hilo nililielewa bila shida, maana kushona ndiyo kazi yangu.

“Unamuwekaka dawa gani?”

Nilitoa kichupa mkobani, tena kwa fahari. “Hii, docteur. Mara kumi ku siku. Siku ya vumbi mingi, napitisha kumi.”

Alikizungusha mkononi, akasoma maandishi madogo ya ubavuni.

“Mama, mu hii chupa muko kintu ya kuzuia dawa isioze. Ukiweka siku kidogo, hakuna neno. Lakini mara kumi ku siku, mwaka muzima? Ile njo inafumula mishono. Vumbi ilianzisha. Hii njo ilizidisha.”

Nilitazama mkono wangu wa kulia. Mkono huu huu! Ulikuwa ukifumua macho ya mama yangu tone kwa tone, na mdomo wangu ukimwambia atulie.

“Ataona tena?” niliuliza.

“Tukiachaka hii, itajishona pole pole. Tuangalie.”

Alitupatia dawa nyingine, isiyo na kitu hicho, ya asubuhi na jioni tu, na akasema tumkande kope kwa kitambaa chenye uvuguvugu. Tulirudi nyumbani mama akinishika bega. Njia nzima sikuthubutu kumtazama usoni.

Kesho yake mchana malori yakapita, vumbi likajaa uani. Niliinua kichwa kutoka kwenye cherehani, nikamwona mama amekaa kwenye benchi peke yake, kichwa nyuma, vidole viwili vimefungua jicho.

“Mama! Haukusikia docteur? Ile dawa njo ilikuharibisha macho!”

“Nilisikia.”

“Sasa unaikala pale juu ya nini?”

Hakushusha kichwa.

“Ku mwanzo macho haikuniuma hata kidogo, mutoto yangu. Nilikuwa nakuya tu ku benchi juu ile njo wakati ulikuwa unanishika ku uso.”

Mguu wangu ulibaki juu ya pedali. Kutoka kwenye cherehani yangu hadi benchi lile ni hatua tatu. Nilizipiga mikono mitupu, nikakaa karibu yake.