Sijala, Mayu

Nilipoanza kazi ya ushauri wa lishe katika hospitali moja kule Shinyanga, mwanzoni mwa miaka ya themanini, wagonjwa walinidhania mpishi. Nikiingia wodini na daftari langu wananiuliza leo jikoni kuna nini. Mwanzoni nilikuwa najisumbua kueleza kwamba kazi yangu ni kumpangia mtu mwenye ugonjwa wa tumbo ale nini na aache nini. Baada ya mwaka nikachoka, nikawa najibu tu, maharage. Na kweli yalikuwa maharage, jana, leo na kesho, wakati nusu ya watu wangu matumbo yao hayakuyataka kabisa.

Mgonjwa ninayemkumbuka kuliko wote alikuwa mfugaji wa Samuye, mtu wa makamo, mrefu, mwenye maneno machache. Aliwahi kuacha ng'ombe wake akaenda Nyarugusu kuchimba dhahabu. Kule alishinda shimoni bila kutia kitu tumboni, jioni akanywa gongo, na akarudi nyumbani na vidonda vya tumbo badala ya utajiri. Kila mwezi alikuja kwangu na mkewe, mama mpole aliyebeba kikapu. Wote wawili waliniita mayu, yaani mama, ingawa kwa umri ningeweza kuwa binti yao.

Nilimuuliza jana alikula nini. Akasema, hajala. Na juzi? Hajala. Nikaandika, mgonjwa hali chakula. Mwezi uliofuata majibu yakawa yale yale, nikapandwa na hasira, nikamgombeza mkewe kwamba anamuua mumewe kwa njaa. Yule mama akaniangalia kwa huruma, akafunua kikapu. Mlikuwa na kibuyu cha maziwa na bakuli la michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, amevichemsha kwa karanga.

"Hajala, mayu," akasema. "Hivi ni vya kudanganyia tumbo tu."

Ndipo nikaelewa. Kwao kula ni kula bugali, ugali. Kama ugali haujapita, mtu hajala, hata awe ameshiba mpaka anapumua kwa shida. Kwetu Ushirombo nako ni hivyo hivyo, ila mimi nililelewa bwenini kwa masista, nikasahau. Tulicheka wote watatu siku ile. Tangu hapo swali langu likawa jingine: tangu ulipoamka, nini kimepita mdomoni? Loo, vikatoka vitu! Embe bichi, miwa, karanga mbichi, ugoro. Swali lile nililiandika ukurasa wa kwanza wa daftari na kulipigia mstari, nikajiona bingwa. Manesi sikuwaambia. Nilipanga kuwaambia kwenye kikao cha Ijumaa, na vikao vya Ijumaa vilikuwa vikiahirishwa kila mara.

Yule mzee alishika masharti karibu mwaka mzima. Maziwa, uji mwepesi, ugali laini kidogo kidogo mara tano kwa siku, gongo marufuku. Siku hizi wanasema chanzo cha vidonda vile ni kijidudu, na kinauawa kwa vidonge. Haya. Sisi tulikuwa na maziwa. Yalimsaidia kidogo, halafu akaanza kutapika damu, na daktari akasema hakuna njia ila kupasua, tena haraka.

Walimlaza. Nesi wa wodi, binti mgeni kutoka Tanga, aliwaambia yeye na mkewe kwamba kesho asile mpaka atoke kwenye upasuaji. Waliitikia wote wawili.

Asubuhi ile nilikuwa nimechoka kuliko ninavyoweza kueleza. Wiki nzima nilikuwa nahangaikia unga wa uji wa wagonjwa, nimesimama kwenye foleni mpaka miguu imevimba. Nilipita wodini kumtakia heri tu. Nesi alikuwa amesimama kando ya kitanda na faili mkononi.

"Baba, umekula?"

"Sijala."

Akaandika. Yule mzee akageuza macho kwangu akatabasamu kidogo, kama mtu anayemkumbusha mwenzake mzaha wao. Nililisikia lile neno. Sitajidanganya, nililisikia vizuri. Swali langu lilikuwa hapa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Wakati huo huo mpishi akaniita mlangoni kwamba lori la unga limefika na dereva hataki kusubiri. Nikasema moyoni kwamba nesi keshamuuliza, kazi ni yake. Nikatoka. Nikiwa nahesabu magunia nikaona wanamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu kuelekea chumba cha upasuaji.

Alipotiwa dawa ya usingizi alitapika, na matapishi yakaingia kwenye mapafu. Aliishi siku tatu, akihema kwa taabu, halafu akafa. Daktari alishindwa kuelewa. Alinionyesha faili, pale palipoandikwa hajala, kwa mwandiko mzuri wa yule binti. Nikasema nami sielewi.

Nilimkuta mkewe amekaa chini kwenye baraza la wodi, kikapu miguuni, akiwasubiri shemeji zake waje kuchukua mwili. Nilikaa kando yake. Hakunilaumu kwa neno lolote. Yeye ndiye aliyekuwa na wasiwasi kwamba labda walikosea sharti.

"Hakula, mayu," akaniambia. "Alfajiri nilimpa maziwa na michembe tu, apate nguvu ya kisu. Bugali aliniomba, akaniomba tena, nikamnyima."

Nilimshika mkono, nikamwambia hakukosea kitu, alifanya alivyoambiwa. Alishukuru, na nikaona mabega yake yanalegea. Sikumwambia kwamba mumewe aliulizwa mbele yangu.