Mthamini Alipopanda Juu

Mimi ni mshonaji wa mapazia. Nyumba hii tuliijenga kwa cherehani yangu na mgongo wa marehemu mume wangu, aliyekuwa fundi mwashi. Chini alimaliza. Juu alisimamisha kuta, akaweka madirisha na bati, kisha akaniacha. Ndani kule ni zege tupu, kuta hazina plasta, umeme haujafika. Lakini madirisha yanatazama barabarani, nami niliyavika mapazia mazito yenye marinda. Mteja akipita anainua macho, anaingia dukani. Wakaniita Mama Ghorofa. Sikumsahihisha mtu.

Mwaka huu ofisi ya kodi za nyumba ilituma mthamini. Alisimama barabarani, akatazama juu kama wateja wangu, akaandika kwamba ghorofa imekamilika. Kodi ikapanda hadi nikaona bila kupangisha chumba cha mbele silipi. Na chumba cha mbele ndicho duka. Cherehani ikitoka pale, nimekwisha.

Mkwe wangu, mtu wa maneno makubwa, akasema tuweke wakili, aandike pingamizi kwamba tunatozwa kuliko majirani. Kwa njia hiyo hakuna mtu wa kuingia kwangu akaona kule juu. Nikakubaliana naye, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu amwoe binti yangu.

Binti yangu akanipeleka kwanza ofisini. Karani akatueleza kwamba kwa pingamizi la wakili nyumba yangu italinganishwa na za jirani, na za jirani zimekamilika kweli, kwa hiyo kodi haitashuka. Njia nyingine ni kuomba ukaguzi upya, ambao hauna malipo. Nikauliza kama huyo mthamini atapanda juu. Akasema atapanda, ndiyo kazi yenyewe.

Nikasema basi wakili.

Binti yangu akanivuta pembeni.

"Mama, unamwogopa mthamini au unawaogopa majirani?"

"Mimi sijamwogopa mtu tangu nizaliwe."

"Basi omba ukaguzi."

Nilimnunia, kwa sababu alikuwa amenishika pabaya. Karani akasogeza fomu ya ukaguzi na kidau cha wino niweke dole gumba. Nikakirudisha. Niliandika jina langu herufi moja moja, foleni ikinung'unika nyuma, na wakasubiri.

Mthamini alikuja asubuhi. Hajavuka kizingiti, jirani yangu muuza maziwa naye huyo, eti anataka kujua bei ya pazia la mlango. Mdomo wake hauna breki. Ningeweza kumfukuza. Nikamwambia, "Shoga, panda na wewe. Kama ni kusema, ukaseme ulichokiona."

Tukapanda watatu. Mthamini akazunguka, akagonga ukuta, akafuta vumbi kwenye suruali.

"Bibi, huku anakaa nani?"

"Njiwa."

"Njiwa hawatozwi kodi," akasema, akaandika.

Muuza maziwa alishika pazia, akachungulia barabarani, akaliachia. Najua alikuwa anapanga maneno.

Kodi ikashushwa. Si kama zamani, lakini nailipa, na cherehani iko palepale. Habari zangu zilienea mtaani kabla chai haijapoa. Wiki ile alikuja mama mmoja kuagiza mapazia, akanicheka usoni, akauliza njiwa wangu hawajambo. Nikamwambia hawajambo. Nikaenda kwake nikampimia madirisha, na bei sikumpunguzia hata kidogo.