Bi Maulizo na Swali la Kwanza

Siku fundi viti alipomwona Bi Maulizo kwa mara ya kwanza, alimdhania mteja. Mama mtu mzima, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, aliingia karakanani, akaketi kwenye benchi, akatoa daftari na penseli, akanyamaza. Fundi naye, ambaye maneno yake ya siku nzima hayakujaa kiganja, akanyamaza. Wakakaa hivyo mpaka kipande cha msasa kikaisha makali.

"Jamani, mmelogwa?" dada yake fundi akapaza sauti kutoka kwenye cherehani. "Huyu ndiye mama niliyekwambia, wa kutupangia tovuti!"

Dada ndiye aliyeshona vitambaa vya viti, na ndiye aliyesema kwa niaba ya wote wawili. Jengo lao lilikuwa limeuzwa. Baada ya miezi miwili walitakiwa kuhamia uani, nyuma ya maghala, mahali ambapo hata paka angehitaji kuelekezwa. Kwa miaka kumi na tisa wateja wao walikuwa wapita njia. Bila wapita njia karakana ingefungwa, na fundi hakujua kazi nyingine chini ya jua.

"Chema chajiuza," fundi alinong'ona.

"Kikiwa barabarani, baba," mama yule akajibu bila kuinua kichwa. "Kikifichwa uani, kijiuze kwa nani? Kwa panya?"

Bi Maulizo alikuwa amekaa miaka ishirini na miwili nyuma ya dirisha la maulizo hospitalini, na jina lilimganda huko. Alipostaafu alijua jambo moja ambalo vijana wa kompyuta hawakulijua: mwenye shida haji na maswali kumi. Huja na moja, na asipojibiwa upesi hugeuza miguu. Akamwomba mpwa wake amfundishe kutengeneza tovuti, naye tayari ana wajukuu wawili. Lakini hakugusa kompyuta kabla hajakaa siku tatu kwenye benchi la mteja. Vijana walipomcheka kwamba anapika bila moto, aliwajibu, "Nachambua mchele kwanza."

Siku ya tatu akavaa miwani, akafungua daftari.

"Walioingia, thelathini na mmoja. Walioulizia rangi za vitambaa, wawili. Walioulizia karakana ilianza lini, hakuna. Ishirini na sita wamesema maneno yaleyale: 'Fundi, hiki kitapona?'"

"Hospitali imekufuata, mama!" dada akacheka.

Swali hilo likawekwa juu kabisa kwenye mpango wa tovuti. Chini yake, picha ya kiti kilichovunjika na ya kilekile kikiwa kimesimama. Kisha picha za njia, kona kwa kona, kutoka kituo cha basi hadi uani. Na namba ya simu, kubwa kama bango.

Usiku huo fundi hakulala. Yeye simu ikilia aliitazama kama nyoka, mpaka inyamaze yenyewe. Kesho yake akamfuata Bi Maulizo nje.

"Ile namba... iweke chini."

"Chini wapi?"

"Chini kabisa. Ndogo."

Bi Maulizo akafungua daftari. "Karakana ni yako," akasema, na akafanya hivyo.

Wakahama. Katika wiki tano watu mia na arobaini walifungua tovuti. Waliofika uani walikuwa wanne, na wawili kati yao walikuwa wanatafuta choo. Dada akaanza kuulizia kazi ya kushona sare kiwandani.

Ndipo Bi Maulizo akarudi, akafungua tovuti kwenye simu yake, akampa fundi.

"Wewe ni mteja. Mguu wa kiti umekatika na wageni wako njiani. Haya, mtafute fundi."

Fundi akapitisha kidole chenye gundi kwenye kioo. Akashuka, akapanda, akashuka tena. Namba aliipita mara mbili bila kuiona.

"Hayupo," akasema mwishowe.

"Na wao walisema hivyohivyo."

Dada akasimama. "Kumbe ni wewe uliyeificha!" Kipande cha sponji kikampata fundi sikioni.

"Mwache," Bi Maulizo akasema. "Nimewauliza wateja wote, nikamruka mwenye karakana. Fundi, unaogopa watu au unaogopa simu?"

"Simu. Mtu simwoni, naye ananisubiri niseme."

"Na kuandika?"

"Kuandika naweza."

Bi Maulizo akachomoa penseli, akafuta ile namba kwenye mpango, akaandika chini ya lile swali: *Tutumie picha ya kiti chako. Fundi atakuandikia.*

Siku ya kwanza zilikuja picha tatu. Fundi akajibu kila moja mwenyewe: "Kitapona. Siku nne." "Kitapona, ila kitambaa kimekufa." "Hakiponi. Pole." Watu wakaonyeshana majibu hayo kama vichekesho, kisha wakaleta viti. Mvua zilipokwisha, uani hapakuwa na pa kukanyaga, na dada alikuwa ameacha kuulizia sare.

Mwaka uliofuata Bi Maulizo alihamia mbali, kwa binti yake. Kabla ya safari alileta kiti chake cha dirishani, alichozawadiwa siku ya kustaafu. Mgongo ulikuwa unacheza kama jino la mtoto.

"Kitapona?"

Fundi akakipindua, akabonyeza maungio. "Kitapona. Wiki mbili."

"Nitakuwa nimeshaondoka. Nitajuaje kimekwisha?"

Fundi akajifuta gundi vidoleni. "Nitakupigia simu."

Cherehani ikasimama. Dada aligeuka mzimamzima. Bi Maulizo akavaa miwani yake, akaona jasho usoni mwa fundi, akamgusa bega.

"Usijitese bure, baba. Nitumie picha."