Saa Moja Kutoka Bara

Lubna alizaliwa Shela ya Malindi, akaolewa Eldoret, na huko amekuwa miaka mingi akiwauzia watu wa baridi mahamri ya pwani. Alfajiri ile alikuwa na unga mikononi nduguye Aboud alipompigia simu kumwambia mama yao amefariki.

"Tunazika baada ya alasiri, dada. Ami Abdulqadir ameshasema maiti hacheleweshwi. Lakini kuosha, utaosha wewe. Tutakungoja."

"Nakuja," Lubna akasema. Akanawa unga. Alijaribu kulia, hakikuja kitu.

Aboud alipanda ndege mara moja tu maishani, kutoka Nairobi, na tangu siku hiyo yeyote aliyeko bara, kwake yeye, yuko umbali wa saa moja. Bara ni bara. Kwa hiyo Lubna alipopiga kusema yuko kiwanja cha ndege, nyumbani wakabandika maji.

Kilikuwa kiwanja cha Eldoret. Kutoka hapo ni kuruka mpaka Nairobi, kisha kungoja ndege nyingine, na ya Malindi ilikuwa ya jioni. Lubna alikuwa Nairobi, kwenye kiti cha chuma, akitazama watu wakisukuma mabegi, Aboud alipopiga tena.

"Umeshatua? Mtu wa tuktuk yuko hapo nje anakutafuta."

"Niko Nairobi."

"Bado? Si ni saa moja!"

"Saa moja angani, Aboud. Hata sijapanda."

 Nyuma ya Aboud, Shangazi Jaha alisikika akisema maji yanapoa.

"Ami anasema, ukitaka, tutamlaza mpaka kesho," Aboud akasema taratibu. "Lakini moyo wake haupendi. Sema wewe."

Lubna akatazama viganja vyake. Kwenye kucha mlikuwa bado na unga.

"Muosheni," akasema.

Kutoka Nairobi mpaka Malindi ni kilomita mia nne na ushee. Ndegeni alipewa maji ya matunda, akayanywa yote, asijue ni matunda gani.

Alifika jua likizama. Wanaume walikuwa wameshatoka makaburini. Wanawake walimpisha mkekani, akaketi karibu na shangazi yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Pole."

"Maji yalikuwa ya moto?"

"Vuguvugu. Kama ya kumwogeshea mtoto."

"Nywele alimsuka nani?"

"Mimi. Mikia mitatu, kama inavyopasa."

"Na huo mkono wako mzito!"

"Mzito kweli. Safari hii hakunipigia kelele."

Mtu akacheka pembeni, akajiziba mdomo. Lubna hakucheka wala hakulia. Aliishika mikono ya shangazi yake, akaileta puani. Ilinukia kafuri ya maji aliyooshewa mama. Hakuiachia hata chakula kilipoletwa.