Namba za Kisima Nilizoandika Mwenyewe

Kwa miaka minne nilipima maji ya ardhini pale Isansa, kwenye kisima ambacho hakuna aliyewahi kuchota hata kikombe. Kilikuwa bomba jembamba lenye kufuli, lililozamishwa ardhini na watafiti waliotaka kujua maji yanavyopanda masika na kushuka kiangazi. Walinichagua kwa sababu nilikuwa nimemaliza darasa la saba na mwandiko wangu ulisomeka. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye shamba la kahawa, niliteremsha utepe wa kupimia hadi ulipolia kuonyesha kwamba umegusa maji, kisha nikaandika kina chake kwenye daftari. Nilipima nikiwa na mimba. Nilipima pia siku ya tatu baada ya kumzika mama yangu.

Upimaji ulipoisha watafiti wakaja na gari, wakachukua utepe na madaftari yote, wakanishukuru, wakaondoka.

Mwaka uliofuata kijiji kikapata mkandarasi wa kuchimba kisima cha zahanati. Enzi hizo kila kazi ilikuwa ya zabuni. Yeye akachagua bondeni, hatua chache kutoka kwenye kile kisima cha utafiti, kwa kuwa mtambo wake ungefika bila taabu. Nikasimama mkutanoni nikasema pale maji hukimbia chini sana ikifika Oktoba, na kwa kina alichokitaja zahanati ingebaki na bomba kavu.

"Una ushahidi, mama?" akauliza mkandarasi. "Au umeota?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka, lakini alisema bila karatasi hawezi kumzuia mtu kazi. Akanipa wiki mbili.

Nikapanda lori la mahindi hadi Tunduma, kwenye ofisi ya mradi wa wale watafiti. Ofisa alinisikiliza huku akipanga mafaili. Akasema takwimu ni mali ya mradi. Anayezitaka aandike barua, aeleze ni mtafiti wa chuo gani.

"Mimi ndiye niliyezipima," nikasema.

"Na ulilipwa, mama. Kazi imekwisha."

Nikarudi nyumbani, mwenyekiti akaniandikia barua yenye mhuri wa kijiji. Nilipoipeleka, ofisa akaisoma, akasema haitoshi. Nisubiri majibu ya makao makuu. Lini? Hakujua.

Nikakaa kwenye kiti mbele yake.

"Basi andika," nikamwambia, "kwamba umeninyima namba nilizoziandika kwa mkono wangu, na zahanati ikikosa maji, sababu ni hiyo. Tia sahihi. Nitaisoma mkutanoni."

"Siwezi kuandika kitu kama hicho."

"Na mimi siwezi kuondoka."

Sikupandisha sauti. Walipofunga kwenda kula mchana, nilingoja barazani. Walipofungua, niliingia wa kwanza. Kesho yake nilikuwa mlangoni kabla ya mfagiaji. Nadhani kilichomchosha si maneno yangu, ila kunikuta pale kila alipoinua kichwa. Saa nne mama mtunza kumbukumbu akatua sanduku miguuni pangu. "Soma hapa hapa," akasema. "Halitoki."

Yalikuwa madaftari yangu, na matope ya vidole vyangu bado yapo pembeni. Nilinakili hadi mkono ukakakamaa.

Mkutanoni nikasoma Oktoba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kabla sijafika ya nne mkandarasi akasema yatosha. Alihamia juu, karibu na shule, akinung'unika kuhusu njia mbaya, na huko maji yakapatikana.

Baadaye ikaja barua ya kunitaka nirudishe nakala. Mume wangu akashauri niirudishe, tusijitafutie makubwa na watu wa ofisini. Nilimheshimu, ila si katika hilo. Nikaketi mezani nikanakili mara mbili zaidi, moja nikampa mwalimu mkuu, nyingine mganga wa zahanati. Barua sikuijibu. Ilipokuja ya pili, nayo sikuijibu.