Ulimi wa Mume Wangu

Kabla hatujaoana, mume wangu alikuwa mfagiaji katika hospitali moja ya Kigoma. Huko daktari mmoja wa Kichina alimzoea, akamfundisha kusoma ulimi. Alirudi kwetu Baraka, mji wa ng'ambo ya ziwa, na elimu hiyo kama mtu aliyerudi na baiskeli mpya: kila mtu lazima aione.

Wifi zangu, mchungaji wetu, akina mama wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni, wote walitoa ulimi. Ulimi uliofifia, wenye alama za meno pembeni, alisema, ni mwili uliochoka. Chakula hakigeuki damu. Ncha nyekundu ni mtu asiyelala kwa mawazo. Ulimi mwekundu uliopasuka, usio na utando, ni mwili unaokauka kwa ndani. Mimi nilimcheka. Nilimwuliza kama Wachina wamekosa mahali pengine pa kutazama.

Vita vilipofika mjini tulipanda milima ya Fizi na mtoto wetu wa miezi mitatu, tukajibanza katika kibanda cha shamba. Huko niliacha kucheka. Kila asubuhi, kabla sijatia kitu mdomoni, aliniambia nitoe ulimi: "Tosha lulimi, mama." Ulimi wangu ulikuwa umefifia, alama za meno zimejipanga, na maziwa yalikuwa yakipungua. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia. Niliogopa kwa namna ambayo hata leo siwezi kuisimulia vizuri.

Akawa anashuka bondeni kutafuta mihogo katika mashamba yaliyoachwa. Kidogo alichopata tulikipika ugali, naye aliusogeza wote upande wangu.

"Kula. Mi nimekwisha kula na benzangu kule chini."

Nilimwamini, maana midomo yake iling'aa mafuta ya mawese. Niseme ukweli, nilimwonea hata wivu. Niliwaza, mwanaume huyu anakula sombe, kisamvu kilichoungwa mawese, na wenzake, mimi niko hapa nanuka maziwa yaliyochacha. Nikala bila hata kumshukuru.

Baada ya wiki kama mbili maziwa yalirudi. Mchana mmoja mtoto alishiba, akasinzia kifuani, nami nikajawa na furaha hadi nikapata hamu ya utani.

"Leo ni zamu yangu, daktari. Tosha lulimi."

Alikataa. Alisema mtu aliyekula mawese hatazamwi ulimi, rangi inadanganya. Nilimshika kidevu kama unavyomshika mtoto anayekataa dawa.

Midomo ilikuwa na mawese. Ulimi haukuwa na hata tone. Ulikuwa mwekundu, mkavu, umepasuka katikati, hauna utando wowote.

Nilimpekua mfukoni, nikakuta chikichi moja iliyosagika, lile tunda linalokamuliwa mawese. Hiyo ndiyo aliyokuwa akijisugulia midomoni kila siku kabla ya kuingia kibandani. Mganga hajigangi, wanasema, lakini huyu wangu alijua vizuri alichokuwa akijifanyia.

"We mwanaume! Unataka kuniachia mutoto peke yangu?"

"Nilitaka maziwa irudi kwanza," alisema, macho chini. "Mi nitakula kisha."

Nililia kwa hasira na kwa mapenzi, sijui kipi kilitangulia. Kisha niligawa ugali katikati, nikamwambia sitameza hata tonge moja mpaka yeye ameze. Alimega kipande kidogo. Nikamwambia amege kikubwa.