Upande wa Kulia wa Mtamba

Jumatano iliyopita binti yangu alirudi kutoka shuleni na kipepeo wa karatasi, rangi bado mbichi, akamweka mezani kati ya chai yangu na mkate. Zoezi lao lilikuwa la ulinganifu. Unachora nusu ya kipepeo kwa rangi ya maji, unaikunja karatasi katikati, unaibonyeza kwa kiganja, kisha unaikunjua, na nusu ya pili inajitokeza yenyewe, baka kwa baka. Alisimama pale akisubiri nishangae. Nilishangaa kweli, lakini si kwa namna aliyotaka, maana nilivuta kiti nikakaa na chai ikapoa.

Wewe uliyekulia mahali pa mifugo utanielewa upesi. Uliyekulia kwingine, nivumilie kidogo.

Nililelewa na nyanya yangu pembeni mwa mji wa Isiolo, pale nyumba zilipokuwa zikiishia na migunga kuanza. Nilimwita akko, kama Waborana wote wanavyowaita nyanya zao. Tulikuwa wawili tu bomani, yeye na mimi, na ng'ombe sita. Sita si wengi. Marehemu babu alikuwa na wengi hadi akawa hawahesabu, au ndivyo akko alivyopenda kusema hasa akiwa na wageni. Hao sita walichungwa na mtu wa kuajiriwa, mtu mkimya aliyekula nyirinyiri, nyama yetu ya kukaanga na kuhifadhiwa kwa mafuta, kwa vidole viwili na kuondoka kabla hujamkaribisha chai ya pili.

Macho ya akko yalikuwa yameanza kuingia ukungu kabla sijaanza shule. Mtoto wa jicho, walimwambia zahanati, na wakamwambia aende hospitali kubwa, naye akasema ataenda mvua zikinyesha. Nilipofika darasa la pili alikuwa anaona mwanga na kivuli tu. Alikamua kwa kupapasa, akapika anjera kwa kusikiliza mlio wa unga kwenye kikaango, na hakuunguza hata moja. Kitu kimoja tu kilimshinda: hakuweza tena kuwatazama ng'ombe wakiingia.

Basi nikawa naangalia mimi. Kila jioni tulikaa juu ya jiwe bapa kando ya lango la boma, moshi wa kufukizia vibuyu vya maziwa ukitupita usoni, tukasikia kwato kabla ya kuona vumbi. Akko aliuliza, "Nani ameingia?" Nami nikamjibu kwa rangi na madoa. Kwetu ng'ombe hutambuliwa kwa ngozi yake, na akko hakukubali maneno ya mkato. Ukimwambia mweupe, atauliza mweupe wa maziwa au wa majivu. Ukimwambia ana doa, atauliza doa liko wapi, lina pembe au ni la mviringo, limegusa mgongo au limeishia mbavuni. Wale watano wakubwa aliwajua tangu enzi za macho yake, kwa hiyo nikikosea alinisahihisha. Wa sita alikuwa mtamba aliyezaliwa baada ya ukungu. Huyo alimjua kwa mdomo wangu tu.

Nikwambie alivyokuwa. Mwili mweupe wa maziwa, kichwa chekundu hadi shingoni kana kwamba alikitumbukiza kwenye udongo. Kuanzia bega la kushoto hadi kwenye nyonga kulikuwa na mabaka mekundu saba, yamepangana kama sufuria dukani, kubwa mbele na kila linalofuata dogo kidogo kuliko mwenzake, la mwisho si kubwa kuliko kidole gumba changu. La tatu lilikuwa na shimo jeupe katikati. Niliyasoma yote saba kila jioni kwa sauti ya duksi, chuo chetu cha Kurani, kama ninayemaliza sura, na akko alitikisa kichwa kwenye kila baka. Baada ya la saba alisema, "Huyo ndiye atatuzalia boma jipya." Alikuwa amepanga kumpiga chapa na kumkata sikio kama desturi, ila alikuwa akisubiri apate nguvu kidogo.

Jirani yetu alikuwa dereva wa lori, mmoja wa wale ambao babu zao waliletwa na Waingereza kama askari wakabaki. Ng'ombe kwake walikuwa mzigo kama mbao. Lakini ukuta wake ulikuwa wa mabati na masikio yake hayakuwa na kazi jioni, kwa hiyo alinisikia kila siku akiwa kwake anakunywa chai. Akinikuta njiani alinitania. "Salaam aleikum, mtangazaji. Jana umeruka baka la tano. Mimi nimelala vibaya."

Shuleni nako tulikuwa na mwalimu wa hesabu kutoka Meru, mwembamba, suruali fupi, mtu aliyependa hesabu hadi tukamwonea huruma. Ubao ulimchosha. Alitutoa nje akatuonyesha hesabu mahali tusipoitafuta. Tulimgeuza kobe huku na huku: vigae vitano katikati ya mgongo, vinne kila upande, na kobe wa pili tuliyemwokota alikuwa vivyo hivyo. Twiga walipokaribia ua wa shule wakati wa kiangazi, alituambia tuache kupiga kelele tuangalie ile mistari myeupe iliyofunika ngozi yao kama wavu, tutafute inapokutana. Karibu kila pahali ilikutana mitatu. Nilikwenda nyumbani nikamwambia akko, naye akasema twiga amekuwa na mistari hiyo siku zote na hakuna aliyemlipa mtu mshahara kumhesabia. Hata hivyo alicheka, na kesho yake akaniuliza habari za kobe.

Kisha wiki moja mwalimu akaja na karatasi na wino. Tulitia matone, tukakunja, tukabonyeza, tukakunjua, tukapiga ukelele darasa zima. Alituonyesha kipepeo halisi aliyekauka, akatuonyesha jani la mgunga, akatuonyesha uso wake mwenyewe kwa kuweka rula katikati ya pua. "Mungu hapotezi wakati," alisema. "Anachora nusu, anakunja." Nilikuwa darasa la nne. Niliandika maneno hayo kwenye jalada la daftari langu na kuyapigia mstari.

Mwaka huo mvua zilikataa mara mbili. Mchungaji aliwapeleka ng'ombe magharibi, upande wa Kipsing, ambako ilisemekana bado kuna nyasi. Alikaa huko miezi. Jioni zetu zikawa kimya, jirani akalalamika kwamba redio imeharibika. Mchungaji aliporudi alikuwa na ng'ombe mmoja tu, yule mzee kuliko wote ambaye alishaacha kuzaa. Wanne wamekufa, alisema. Mtamba alipotea kisimani siku makundi yalipochanganyika na watu wakagombana juu ya zamu ya maji. Alisema hayo akiwa amesimama, akakataa chai hata ya kwanza, akaenda kwao na hatukumwona tena.

Akko hakulia. Aliuliza mara tatu, "Hukumwona amekufa?" Na mara tatu yule mtu alisema hapana, hakumwona amekufa. Kuanzia siku hiyo akko aliishi kwa jibu hilo. Alisema mtamba wetu yuko hai kwa mtu, na ngozi ile haifichiki.

Na kweli haikufichika. Siku moja ya soko, asubuhi, jirani alikuja mbio akiwa na kiatu kimoja. "Mama! Mama, toka! Iko sokoni! Imefungwa kwa ua, kichwa nyekundu, madoa saba, ya tatu iko na shimo!" Fikiria, mtu aliyemwona ng'ombe yule mara chache na bila kujali, akamtambua kati ya mamia kwa kumsikia mtoto akikariri ng'ambo ya mabati. Sijawahi kujivuna maishani kama asubuhi ile.

Aliyemshika mtamba hakuwa mwizi, au angalau hakuonekana hivyo. Alikuwa mtu wa makamo mwenye midomo iliyopasuka kwa jua, alisema amemnunua kwa haki huko Kipsing na yuko tayari kuapa. Wazee wa soko wakakaa. Desturi yao ilikuwa rahisi: anayedai mnyama amweleze mnyama akiwa hayupo mbele yake. Wakaamuru mtamba apelekwe nyuma ya lori moja.

"Mama, sema ng'ombe yako," mzee mmoja alimwambia akko.

"Mimi macho imeenda," akko alisema, akanisukuma mbele, mkono wake ukabaki begani kwangu. "Hii ndio macho yangu. Wacha mtoto aseme."

Nikasema. Nilianza kichwani, nikashuka shingoni, nikaenda baka kwa baka hadi la saba, na la tatu na shimo lake. Wafanyabiashara waliacha kubishana wakasikiliza. Mzee alingoja nimalize.

"Vizuri sana," alisema. "Lakini hiyo upande imeangalia barabara tangu asubuhi. Kila mtu ameiona. Hata huyu dereva wenu ameiona. Sasa niambie upande ya kulia."

Rafiki yangu, nimekaa na dakika ile zaidi ya miaka ishirini. Ng'ombe wetu waliingia langoni wakituonyesha ubavu wa kushoto. Asubuhi walipotoka wakionyesha wa kulia, mimi nilikuwa njiani kwenda shule. Bila shaka nilishawahi kuuona ubavu ule, nilicheza na yule ndama, nilimkimbiza. Lakini akko aliniuliza jioni tu, na kitu ambacho sikukisema kwa sauti hakikukaa kichwani mwangu. Nilitafuta nikakuta patupu. Ningesema sijui. Huenda wazee wangetuonea huruma, wangeita watu wengine, wangeahirisha hadi soko lijalo. Mkono wa akko ulikuwa begani, umetulia kabisa, mkono wa mtu asiye na wasiwasi wowote. Nami nilikuwa na jibu, limeandikwa kwenye jalada la daftari na kupigiwa mstari.

"Ni sawasawa, mzee," nilisema. "Mabaka saba."

"Saba? Na huku pia?"

"Saba. Kubwa mbele, ndogo nyuma."

"Una hakika, mtoto?"

"Nina hakika."

Mzee aliinua mkono, mtamba akaletwa, safari hii ametanguliza ubavu wa kulia. Nilisikia watu wakivuta pumzi kabla sijaona lolote. Niliona weupe mwingi, nikaona hakuna saba, na aibu ikanishika hadi nikaangalia miguu yangu. Wazee hawakuchukua muda. Ng'ombe wa madoa ni wengi, walisema, na mtoto amefundishwa ya upande mmoja. Anayemshika abaki naye. Jirani alipiga kelele, akatulizwa. Yule mtu alimgeuza mtamba kumwondoa, na hapo ndipo nikainua kichwa na kuyaona, moja hadi saba, yakienda zake.

Akko alirudi nyumbani akinishika bega vile vile. Jioni alikaa juu ya jiwe kama kawaida. Ng'ombe mzee aliingia peke yake, na akko hakuuliza ni nani. Kisha aliniuliza jambo moja.

"Intala, msichana wangu, ile upande ya kulia ilikuwa na nini?"

"Sikuangalia, akko."

"Hata kidogo?"

"Niliangalia chini."

"Haya," alisema.

Hakuniuliza tena habari za ng'ombe yeyote. Nilijaribu mara moja kumtangazia yule mzee langoni, akaniambia nikasome. Ng'ombe yule hakufika mvua. Akko alikufa nikiwa darasa la saba, na hospitali kubwa hakwenda. Mimi nilimchukia mwalimu wa hesabu kwa muda mrefu, nikamwonea bure, maana kuhusu kipepeo alisema kweli. Sasa mimi mwenyewe nafundisha hesabu. Nimesoma kwamba rangi ya ng'ombe husambaa tumboni mwa mama yake bila mpango kamili, na kwamba hata ukimpata ng'ombe mwingine aliyefanana naye damu kwa damu, mabaka yatakaa kwingine. Kwa hiyo hata uzao wake, kama upo, hautaniambia kitu. Nikienda Isiolo bado napita sokoni nikiwazunguka ng'ombe hadi upande wa pili, wauzaji wanadhani nataka kununua. Boma letu limejengwa vyumba vya kupanga. Watu wengi wa kwetu wamehamia ngamia, wanastahimili ukame, rangi moja mwili mzima, hawana cha kukaririwa. Walio na ng'ombe wanawapiga picha kwa simu, kushoto na kulia, inachukua sekunde mbili.

Haya yote nilimsimulia binti yangu Jumatano ile hadi giza likaingia, kipepeo akikauka. Alisikiliza vizuri. Akachukua karatasi nyingine akamchora mtamba, kichwa chekundu, mabaka saba, akaniuliza la tatu lilikuwa na shimo kubwa kiasi gani, nikamwonyesha kwa kidole. Akalijaza rangi kwa uangalifu, akapulizia likauke. Kisha akaigeuza karatasi, akachovya brashi, akanitazama.

"Na huku, mama? Huku nichore nini?"

Brashi ilidondosha tone moja la maji mezani, kisha la pili. Nilimwambia aoshe brashi, aende akalale.